Mtoto wa miaka 13 goti limetoa nundu, kocha anasema akaze tu. Nimtoe akademi au nimuache?

#1 MzaziWaMbagala
Wakuu habari za jioni.

Nina kijana wangu wa miaka 13, kidato cha kwanza, anacheza winga. Tangu Januari kavuta kimo mpaka suruali za shule nimenunua mara mbili. Huu mwezi wa tatu analalamika goti la kulia. Chini kidogo ya pia ya goti pametoa nundu ngumu, ukiigusa anaruka. Akikimbia inauma, akipiga magoti kusali inauma, akipumzika siku mbili inapoa.

Kocha wa akademi anasema ni uvivu, "akaze, mpira una wenyewe", na kampa dawa ya kuchua. Mama yake kashaficha njumu, sijui kaziweka wapi. Mimi niko katikati, na ada nimelipa mpaka Desemba.

Ratiba yake: akademi Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, masaa mawili kila siku. Timu ya shule Jumanne na Alhamisi, saa moja na nusu. Jumapili mechi. Wajuvi nisaidieni.

#2 Kipa Mstaafu
Naweka kambi hapa. Ila mkuu, sisi tumecheza mchangani peku, chandimu ya soksi na magazeti, na magoti yapo. Watoto wa siku hizi wamelelewa na chipsi.

#3 Sista wa Wodini
Mleta uzi, mimi ni muuguzi, sio daktari wa mifupa, kwa hiyo hili halibadilishi safari ya hospitali.

Unachoeleza kinafanana sana na kitu kinaitwa Osgood-Schlatter. Ni majina ya madaktari wawili, mmoja wa Boston na mwingine wa Zürich, walioielezea mwaka 1903 kila mtu kivyake. Inawapata watoto wanaokimbia na kuruka sana, kati ya miaka 10 na 15 hivi, hasa kipindi cha kuvuta kimo. Msuli mkubwa wa paja unashuka, unapita juu ya pia ya goti, kano yake inajishika juu ya mfupa wa ugoko. Kwa mtu mzima pale ni mfupa mtupu. Kwa mtoto bado kuna gegedu, ndipo mfupa unapokulia. Kila akipiga shuti kano inapavuta pale pale. Mara mia kwa siku, panawaka moto, panavimba, na mwisho panajenga nundu.

Uvivu haumo humo. Tena mvivu hapati.

Lakini msikilize mtoto. Maumivu yakimwamsha usiku, uvimbe ukiendelea kukua hata akiwa amepumzika, homa, au akichechemea bila kucheza, usingoje ushauri wa huku. Saratani ya mfupa ni nadra, ila kwa vijana hupenda sana kukaa jirani na goti. Picha ya eksirei hapo ni lazima.

#4 MzaziWaMbagala
Sista ahsante sana. Usiku analala fofofo, mpaka kumwamsha shule ni vita. Hiyo sentensi ya mwisho imenikata maini lakini.

#5 Bosi wa Mahesabu
Kuna kanuni nyepesi wanayotumia madaktari wa michezo: masaa ya mazoezi na mechi kwa wiki yasizidi umri wa mtoto. Wa miaka 13 asizidi masaa 13. Tumpigie hesabu huyu winga.

Akademi 4 × 2 = 8. Shule 2 × 1.5 = 3. Jumapili mechi na kupasha, weka 2. Jumla 13 kamili. Mkuu uko ukingoni lakini hujavuka.

#6 Dada Asha wa Ilala
Bosi, na chandimu ya jioni umeiweka wapi?

#7 MzaziWaMbagala
😂 Dada Asha umeniumbua. Kila jioni yuko nyuma ya nyumba na wenzake, kama saa moja hivi mpaka adhana.

#8 Bosi wa Mahesabu
Basi 20. Nimefuta kauli.

#9 Kipa Mstaafu
Kwa kanuni hiyo kizazi chetu chote tungekuwa kwenye viti vya magurudumu. Tulikuwa tunatoka asubuhi likizo tunarudi usiku.

#10 Mwalimu wa Zamu
Kipa, mlikuwa mnacheza siku nzima ndiyo, lakini mlikuwa mnasimama kuchuma maembe, mnagombana nusu saa kama goli limeingia au halikuingia, aliyechoka anakaa golini. Hakuna kocha mwenye filimbi anayekupigisha mbio za mita 20 mara 30 ukiwa umechoka. Mzigo wa siku hizi una mpangilio, tena unajirudia ule ule. Halafu mtoto mmoja ana makocha watatu ambao hawajawahi kupigiana simu.

Nafundisha shule ya msingi na nimeongoza timu UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, zaidi ya mara moja. Mtoto anatoka ngazi ya shule, kata, wilaya, mkoa. Kule kambini mechi inaweza kuwa leo, kesho na keshokutwa, analala darasani kwenye godoro la inchi tatu. Sanduku langu la huduma ya kwanza safari moja lilikuwa na bandeji moja, mkasi na chupa ya spiriti. Nusu fainali beki wangu kateguka enka, nikamfunga kwa tai yangu.

#11 Fundi Rangi
Mwalimu kafunga enka kwa tai 😂😂 Na ulivaa nini kwenye kugawa medali?

#12 Mwalimu wa Zamu
Tulifungwa. Sikuhitaji tai.

#13 Jembe la Kanda ya Ziwa
Nyote mnazunguka. Tatizo ni VIJEBA, watu wazima wanaojifanya watoto. Mtoto wa miaka 13 wa kweli anagombania mpira na baba wa watoto wawili ana cheti cha kuzaliwa cha mwaka huu. Kilo 40 inagongana na kilo 68, nani anaumia? Mnaongelea gegedu, sijui kano. Angalieni ndevu kwanza.

Mnakumbuka Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya U-17, 2005 walivyofuzu fainali za Afrika kule Gambia halafu wakaondolewa kwa udanganyifu wa umri? Tukajifunza, 2017 tukafuzu kihalali kwenda Gabon.

#14 Mpenda Takwimu
Nakubali hoja yako ila historia nusu tu. 2017 hatukufuzu uwanjani, Congo Brazzaville walitutoa. Tukakata rufaa kuhusu mchezaji wao, CAF, shirikisho la soka Afrika, wakamwita apimwe umri kwa MRI, ile mashine ya picha za ndani ya mwili, hakutokea, Congo wakaondolewa, nafasi ikaja kwetu. Tulienda Gabon kwa mlango wa mezani. Na 2019 fainali zilipochezwa hapa Dar, Guinea walifika fainali kisha wakavuliwa nafasi ya Kombe la Dunia kwa umri wa wachezaji wawili.

Pia MRI si dawa ya kila kitu. FIFA walianza kuitumia Kombe la Dunia la U-17 mwaka 2009, wanaangalia kifundo cha mkono kama sehemu ya kukulia mfupa imeshafunga. Inasaidia kumkamata aliyepita 17. Kijeba wa miaka 16 kwenye ligi ya U-13 anapita nayo akitabasamu.

#15 Jembe la Kanda ya Ziwa
Sawa mwanahistoria. Huyo wa 16 tunamkamata kwa kumwita jina lake kwa nyuma. Asipogeuka, sio lake.

#16 Dada Asha wa Ilala
Nyie wote mnaongelea wavulana. Nilicheza netiboli mpaka kidato cha sita, goti la kushoto niliondoka nalo hivi hivi. Sikugongwa na mtu. Nimeruka, nimedaka, nikatua kwa mguu mmoja, nikasikia "tap" kama kijiti kimevunjika. Sheria ya netiboli ukishadaka huruhusiwi kukimbia na mpira, lazima ukate breki pale pale. Breki zote zinaishia gotini.

Mwalimu wa michezo akasema nimetegua, nikachuliwa wiki mbili kwa maji ya moto na chumvi. Nililia mpaka sauti ikakauka. Miaka minne baadaye ndio naambiwa ligamenti ya ndani ya goti ilikatika siku ile ile. Hiyo ambayo kwenye mpira mnaita ACL.

#17 Sista wa Wodini
Pole dada. Na hilo la kutua bila kuguswa ndilo la kawaida, ACL nyingi zinakatika bila mtu kukukanyaga. Mabinti wa umri wa kuvunja ungo na kuendelea wanaikata mara kadhaa zaidi ya wavulana wa mchezo huo huo. Wengine wanasema ni umbo la nyonga, wengine homoni, wengine ni namna ya kutua magoti yakiingia ndani na misuli ya nyuma ya paja kuwa dhaifu. Hilo la mwisho ndilo linalofundishika.

Na jamani, KUCHUA. Mtu kaumia leo, kuna damu inavuja ndani, wewe unamkandamiza kwa dole gumba. Paja likipigwa sana likachuliwa mapema, kuna wakati msuli unaota mfupa ndani yake. Nimeiona picha, kama jiwe limezikwa kwenye nyama.

#18 Kipa Mstaafu
Sista hapo tutagombana. Mimi kidole cha pete kilitoka 1994 nikidaka penalti, mzee mmoja wa Temeke akakirudisha kwa samli na dua, mechi iliyofuata nipo golini.

#19 Fundi Rangi
Kipa, weka picha ya hicho kidole.

#20 Kipa Mstaafu
Kimepinda kidogo tu. Pete ya ndoa naivaa mkono wa kulia.

#21 Fundi Rangi
😂😂😂 Ushahidi umeletwa na mshtakiwa mwenyewe.

#22 Barafu Tupu
Dawa ni barafu. Pumzika, barafu, funga, nyanyua mguu. Hakuna zaidi.

#23 Mpenda Takwimu
Huyo aliyeleta hiyo fomula ya pumzika na barafu ni Dk. Gabe Mirkin, Mmarekani, kwenye kitabu chake cha 1978. 2014 mwenyewe akabadili msimamo, akasema barafu na mapumziko ya moja kwa moja vinaweza kuchelewesha kupona. Barafu inaua maumivu, hilo halina ubishi.

#24 Barafu Tupu
Kwa hiyo miaka 36 tumegandishwa bure?

#25 Otis wa Kisumu
Wadau, salamu kutoka Kenya. Mnaongea magoti, kwetu raga ya shule kitu kinaniogopesha ni kichwa. Nilisimamia vijana msimu mmoja. Mvulana akakosea kushika, akagongwa na goti hapa kwa panja. Akainuka, akasema yuko poa. Baada ya dakika tatu akaniuliza, "Kocha, tumefunga ngapi?" Nikamwambia. Akauliza tena. Mara ya nne nikamshika mkono nikamtoa nje. Wenzake wakanizomea, na babake akashuka jukwaani akitaka arudi kwa sababu kulikuwa na maskauti.

Raga ina sheria nyepesi: ukishuku mtikiso wa ubongo, mtoto anatoka na harudi siku hiyo. Hapimwi kwa vidole viwili pembeni halafu arudi. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kumuua kijana.

#26 Mbongo wa Minnesota
Otis umenena. Huku Marekani tangu shirikisho la soka litoe mwongozo wa 2015, watoto wa miaka 10 kushuka chini hawaruhusiwi kupiga kichwa kabisa, si mazoezini si kwenye mechi. Wa 11 mpaka 13 wanapiga mazoezini kwa kiasi. Uskochi nao 2020 walizuia mazoezi ya vichwa kwa walio chini ya 12. Mwanangu akipiga kichwa refa anapuliza, faulo.

#27 Jembe la Kanda ya Ziwa
Ndio maana hamfungi kona.

#28 Mbongo wa Minnesota
Na nyie mnazifunga wapi? 😂

#29 Mtu wa Darajani
Assalaam aleikum. Mnayahesabu maguu tu, na kwetu Unguja wale wanaochupa baharini Forodhani jioni? Watalii wanapiga makofi, mtoto anaruka kichwa mbele. Maji yakijaa raha. Yakitoka, chini pale kina hakitoshi. Nilishamuona mmoja kapandishwa hajiwezi mikono wala miguu. Hana kocha, hana ada, hana daktari. Lakini na ule ni mchezo wa vijana.

#30 Mwalimu wa Zamu
Waleikum salaam. Hili limenigusa. Na magoli ya chuma yasiyochimbiwa shuleni nayo ni yale yale. Mtoto anabembea kwenye mwamba wa juu, goli lote linamfuata. Kwetu tuliyafunga minyororo kwenye mawe baada ya moja kuanguka wakati wa mapumziko. Lilikosa mtoto kwa hatua mbili. Hakuna aliyekuwa anacheza mechi.

#31 Kijana wa Bukoba
Mmesahau moyo. Yule mchezaji wa timu ya vijana ya Mbao aliyeanguka Kaitaba, 2015, nilikuwa jukwaani.

#32 Mpenda Takwimu
Ni Desemba 2016 mkuu, Ismail Khalfan, dhidi ya vijana wa Mwadui. Mungu amrehemu.

#33 Kijana wa Bukoba
2016, upo sahihi. Aligongana na beki, akainuka, baada ya muda mfupi akaanguka mwenyewe. Uwanja mzima ukanyamaza. Kila mtu pale alikuwa na jibu lake: wengine moyo, wengine lile pigo, wengine joto. Mimi nakumbuka tu ule ukimya.

#34 Sista wa Wodini
Eriksen, yule kiungo wa Denmark, alianguka Copenhagen Juni 2021 moyo umesimama, akarudi kucheza ligi kubwa. Tofauti ilikuwa dakika chache za mwanzo: kukandamizwa kifua na mashine ya kushtua moyo ikiwa pembeni ya uwanja. Mashine ni ghali, naelewa. Kukandamiza kifua ni bure, kocha anajifunza kwa mchana mmoja.

Na mzazi ambaye mtoto wake ana selimundu amwambie kocha mapema. Mbio za adhabu saa nane mchana bila maji si za mtoto huyo.

#35 Mganga Mjini
Yote hayo mnasema, lakini goti la kulia, la mfungaji, kipindi timu inaongoza... Mleta uzi, hujiulizi kuna mtu kakanyagisha?

#36 Dada Asha wa Ilala
Mjini weka namba yako ya malipo kabisa tusizunguke.

#37 Kocha Mchanga
Ngoja niseme upande wetu. Nina watoto 46 na mipira minne, uwanja wa udongo mgumu kama sakafu ya ghala, na kiangazi una vipande vya chupa. Mzazi analipa elfu kumi kwa mwezi akilipa, anataka mtoto awe Samatta kufikia Agosti. Nikimpumzisha mwanawe mechi moja, kesho kamhamishia akademi ya jirani. Mnapolaumu kocha anayesema "akaze", kumbukeni na mzazi anayempigia simu.

Kupasha misuli nimejifunza. Ule mpango wa FIFA 11+, dakika 20: kukimbia taratibu, halafu nguvu na kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua, kumalizia na mbio. Hauhitaji kifaa cha gharama. Tangu nianze enka zimepungua. Sijaandika popote, naona kwa macho.

#38 Kipa Mstaafu
Hizo ni za Wazungu wenye nyasi.

#39 Mpenda Takwimu
Ulijaribiwa Norway kwa mabinti wa miaka 13 hadi 17, majeraha yakashuka kama theluthi. Kipa atasema nyasi. Basi ukajaribiwa Lagos kwenye ligi ya vijana, timu 20, wachezaji 416. Majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Lagos pana nyasi gani?

#40 Kipa Mstaafu
Lagos nimekaa kimya.

#41 Bosi wa Mahesabu
Lakini Kocha Mchanga, 11+ haipunguzi masaa 20. Ukimpasha vizuri mtoto aliyechoka, ni mtoto aliyechoka ambaye amepashwa.

#42 Kocha Mchanga
Kweli. Ila hata uwanja ukiwa laini, hata vijeba wakitoka. Anayeamua masaa ni nani? Shule haiulizi akademi, akademi haiulizi shule.

#43 Jembe la Kanda ya Ziwa
Vijeba hawatoki.

#44 MzaziWaMbagala
Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya wa siku tisa.

Tumeenda hospitali, kapigwa eksirei. Mfupa uko salama, alhamdulillah, ni ile ile aliyosema Sista. Daktari hakutoa dawa ya maana zaidi ya ya maumivu. Kasema asisimamishwe mpira kabisa, apunguziwe: aache kuruka na mashuti mpaka maumivu yatulie, anyooshe misuli ya paja kila siku, abakize siku tatu za mpira kwa wiki, na maumivu ndiyo yawe refa. Inaweza kuchukua hata mwaka, mpaka amalize kurefuka. Nundu yenyewe inaweza kubaki ukubwani. Kuhusu kuchua alitikisa kichwa tu.

Nimempigia kocha wa akademi. Kasema sawa, ila Jumamosi hii kuna mechi na mtu wa kutoka timu kubwa anakuja kuangalia, "dakika ishirini tu mzee". Mwalimu wa shule naye kasema wilaya ni wiki ijayo na hana winga mwingine.

#45 Otis wa Kisumu
Hiyo "dakika ishirini tu" naijua. Ni jamaa yake yule babake wa jukwaani.

#46 Kocha Mchanga
Mzee, kama ni Osgood, dakika ishirini hazitamvunja mfupa. Kumuuma zitamuuma. Sisemi umpeleke, nasema ukweli.

#47 Sista wa Wodini
Kocha usimtilie maji. Daktari kasema maumivu ndiyo refa. Mtoto wa miaka 13 akiwa na mtu wa timu kubwa pembeni ya uwanja atasema haimuumi.

#48 Dada Asha wa Ilala
Mimi ningekuwa na mtu wa kunifichia raba 2009 ningemshukuru leo. Ila siku ile ningemchukia vibaya sana.

#49 Fundi Rangi
Mama kasemaje?

#50 MzaziWaMbagala
Mama hajasema kitu. Ila njumu nimezikuta leo, ziko ndani ya pipa la mchele. Dogo naye anajua zilipo, maana juu ya mchele kuna alama ya kiganja, na sio cha mama yake.

#51 Kipa Mstaafu
Huyo ni winga wa kweli. Mkuu Jumamosi utuletee matokeo.

#52 Dada Asha wa Ilala
Kipa!

#53 Kipa Mstaafu
Namaanisha matokeo ya kikao cha familia dada.